Mgowe wa Yonathani

Barua ya kwanza ya Yonathani ilifika Jumanne, mwezi wa saba wa mwaka 1943, mama yake akiwa kizingitini anapukuchua mahindi ya mbegu. Zipora alifuta mikono kwenye kaniki, akaifungua, akaisoma kwa kufuata kidole kama alivyofundishwa katika darasa la kipaimara. Karatasi ilikuwa imelowa. Haikunyeshewa njiani, maana kipupwe kile hakikuwa na mvua, na tarishi aliyeileta alikuwa mkavu kuanzia kofia mpaka miguu. Barua ilikuwa inatoa maji yenyewe, kidogo kidogo, na ilimbidi Zipora aikamue mara mbili kabla hajafika kwenye sahihi.

"Mama, salamu," iliandikwa. "Mimi sijambo lakini si mzima. Hapa Makambako kuna upepo mwingi na hakuna mianzi. Nikisikia jogoo wa Lyamkena nadhani ni jogoo wetu, basi nageuka kulia wakati wenzangu wanageuka kushoto. Koplo amenipiga teke. Chakula ni kingi ila hakipiti kooni. Mama, njoo unichukue."

Zipora aliianika barua kwenye kamba pamoja na shuka, akarudi kumalizia mahindi yake. Punje nyingi ziliruka nje ya ungo.

Yonathani alikuwa na miaka kumi na mitano. Kijiji chao, mwendo wa asubuhi moja kutoka Njombe mjini, kilikuwa kimetakiwa kutoa vijana sita wa kwenda Keya, jeshi la Mwingereza, na jina la kwanza kuandikwa lilikuwa la Elieza, mtoto wa Jumbe Methusela, mwenye miaka ishirini na mabega ya kubeba gogo peke yake. Kesho yake jina hilo lilikuwa limekwanguliwa kwa wembe, na juu ya mkwanguo pameandikwa Yonathani. Kila mtu aliuona ule mkwanguo, kwa kuwa jumbe huliacha daftari lake wazi juu ya meza ya barazani ili watu wajue hana siri. Daktari wa jeshi alimwinua Yonathani mkono, akamtazama kwapani, akaandika kumi na minane. Baba yake Yonathani alikwenda kukata mkonge Tanga miaka tisa iliyopita na hakurudi, kwa hiyo aliyekwenda kuuliza ni Zipora. Methusela alimpa kiti na kumwambia serikali ni serikali.

Jumatano alichemsha viazi, akavipanga kwenye kikapu kikubwa cha kubebea mavuno, akashika njia ya Makambako. Alitembea siku mbili. Njia ile yote alikuwa anahesabu ni nini kitakachompata mtoto: akibaki atakonda, na akitoroka atapigwa.

Kambi ya makuruti ilikuwa kwenye uwanda nyuma ya kijiji cha Lyamkena, mahema yamepangwa kwa mistari na vumbi limefagiliwa. Makuruti walikuwa kwenye kwata. Zipora alimtambua mwanawe kutoka mbali kwa sababu wenzake walikuwa wamesogea kumwachia nafasi ya mtu na nusu. Yonathani alisimama magoti yamepinda na shingo imezama mabegani, kama mtu aliyebebeshwa gunia la ulezi. Mgongoni hakuwa na kitu.

Sajini wa kikosi alikuwa Mngoni wa Songea, jina lake Marcelino, mtu mzima aliyekwisha kupigana Uhabeshi na kurudi na masharubu na kikohozi. Alimpokea Zipora kwa adabu.

"Hujambo, mama. Huyu aliyepinda ni wako?"

"Sijambo, bwana sajini. Ni wangu."

"Ana hamu ya nyumbani kubwa kupita umri wake. Nimeipima kwa macho, haipungui madebe mawili. Juma lililopita Wakinga wawili walitoroka nayo. Wamerudishwa kwa kamba, wakala viboko ishirini na vinne kila mmoja, na hamu yao bado wanayo. Wako akitoroka hatafika hata Mtwango. Ataangukia njiani."

"Na asipotoroka?"

Sajini alikohoa kwanza. "Atakufa. Niliwaona hao kule Uhabeshi. Daktari huandika malaria."

Yonathani aliruhusiwa nusu saa. Alimwamkia mama yake, "Kamwene, mama," akakaa kwenye sanduku tupu la risasi akaanza kula viazi. Zipora alimtazama akila, na akaona kwamba kila kiazi kilichotoka kikapuni kilikuwa kinaacha kitu mahali pake. Viazi vilipokwisha kikapu kilikuwa kimejaa tena. Kilichojaa hakikuwa na rangi. Kilinuka moshi wa jikoni na majani ya mianzi yaliyolowa umande, na ukikiinamia ulisikia kuku wakitafuta mahali pa kulala. Yonathani alinyoosha magoti, akapumua kama mtu aliyetua gogo.

"Kitakuwa kizito, mama," alisema.

"Nimekuja na ngata," alisema Zipora.

Sajini Marcelino na makuruti wawili walimtwisha. Njia aliyokuja kwa siku mbili aliirudi kwa siku nne, akipumzika kila palipokuwa na kichuguu cha kuegemeza kikapu, kwa sababu angekitua chini asingeweza kukitwika tena peke yake.

Nyumbani alikiweka kwenye kona ya nyuma ya mlango. Kuanzia hapo hakuna kilichotulia. Mlango ulikuwa ukifungwa unafunguka. Kuku walizunguka nyumba mchana kutwa wakitafuta kuingia, na wakiingia wakatafuta kutoka. Mbuzi aligeuza shingo kuelekea boma alikozaliwa, akabaki hivyo mpaka malisho yakamshinda. Zipora mwenyewe alikuwa akigusa kigoda anainuka. Baada ya siku tatu aliona kwamba kazi hii imemzidi mtu mmoja, akafanya kama watu wa huko wanavyofanya kinyungu, kishamba cha bondeni, kikimzidi mwenyewe kulima. Alipika togwa akaita mgowe.

Mgowe una taratibu zake. Walioitwa huja na majembe yao na kulima shamba la mwenzao kwa siku moja, naye huwanywesha. Mwenye mgowe hashiki jembe; kazi yake ni kugawa matuta na kumimina. Na mgowe haubakizi tuta. Watu wakiacha tuta moja bila kulimwa, kijiji kizima huaibika, na watoto wao hutaniwa kwa jambo hilo mpaka waoe.

Jumamosi watu walikuja na majembe. Zipora aliwaambia leo hayahitajiki.

"Ni hamu ya Yonathani," alisema. "Ipo ndani kwenye kikapu."

"Kiasi gani?" aliuliza Mzee Efraimu, ambaye ndiye mkubwa wa mgowe kila mwaka.

"Sajini amesema madebe mawili."

"Kidole kimoja hakivunji chawa. Mpaka saa nane tutakuwa tumemaliza."

Majembe yakaegemezwa ukutani. Zipora alipima kwa pishi, na kila mtu akapokea kwa chombo alichokuwa nacho, huyu kibuyu, huyu sufuria, huyu kofia. Jirani yake Idda alipokea pishi moja kwenye pindo la nguo, akafunga fundo, akasema ni baridi kidogo. Elieza alipewa nusu pishi kwa kuwa hakuomba zaidi. Wazee walizunguka nyuma ya nyumba, ambako mtu alikuwa ameficha pombe ya ulanzi, maana mwinjilisti alikuwepo. Watu walicheka na kutaniana. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na siku ile hata aliyeubeba aliuona hivyo.

Methusela alifika kwa kuchelewa, Elieza amerudi kumbebea kiti. Alichukua pishi tatu kwa mkupuo, akapigiwa makofi, na kwa kweli alistahili, hakuna aliyechukua nyingi kama yeye. "Mtoto wa kijiji ni mtoto wetu sote," alisema, akafuta macho, maana ilikwisha anza kumwingia. Hakuna aliyetaja daftari. Watu wana adabu, hasa wakiwa wamenyweshwa.

Ilibaki pishi moja kikapuni. Hapo mkono wa Zipora ulisita. Tangu azaliwe hakuwahi kumaliza kihenge bila kuacha mbegu, na alitaka kuacha hata konzi moja, ingawa hangeweza kusema ni ya nini. Alianza kufunika kikapu kwa ungo.

"Mama Yonathani," aliita Methusela kutoka kitini, "mgowe haubakizi tuta. Lete hapa."

Makofi yakapigwa tena. Zipora alimpa. Kikapu kiligeuzwa kichwa chini, kikagongwa tako mara tatu, na watu wakaenda zao kabla ya saa nane.

Kuanzia Jumatatu kijiji kikawa hakikaliki. Watu walikuwa kwao, nao wanatamani kwao. Mzee Efraimu alikuwa kila alasiri anainuka, anashika fimbo, anasema, "Haya, mimi nakwenda nyumbani," anaizunguka nyumba yake mara tatu na kukaa tena kwenye kigoda kilekile akiwa amekasirika. Wanawake walitoka bondeni wakikimbilia nyumbani, wakifika mlangoni wanasimama, wanautazama, wanaendelea mbele. Idda alifunga vyungu vyake kila asubuhi na kuvifungua kila jioni, na vitatu vilivunjika kwa kazi hiyo. Mwinjilisti aliacha nyimbo zote zinazotaja makao ya juu, kwa kuwa waumini walikuwa wanasimama katikati ya ubeti na kutoka nje. Zilizobaki zilikuwa za Krismasi, zikaimbwa mwezi wa nane.

Aliyeumia kuliko wote ni Methusela. Alikuwa na pishi nne. Alikaa barazani kwake, kwenye kiti chake, mbele ya daftari lake, machozi yanamtiririka mpaka kidevuni, akimwuliza kila aliyekuja na shauri kama anaijua njia ya kwao. Watu walimhurumia sana. Walimletea kuku.

Zipora peke yake alikuwa mzima, maana mwenye mgowe hagawiwi. Alilima, alipika, alikaa kwenye kigoda chake na kigoda kikakalika. Barua ya pili ilipofika aliipokea ikiwa kavu, imekunjwa mara nne sawasawa.

"Mama, salamu. Mimi mzima. Nakula na kulala. Nimepiga shabaha tano kwa tano. Afande amenisifu. Ni mimi mwanao, Yonathani."

Aliisoma mara tatu kwa furaha. Mara ya nne akatafuta mahali alipoulizia kuku, asipaone. Alijiambia jeshi lina mambo mengi, mtu hawezi kukumbuka kuku.

Barua ya tatu, mwezi wa kumi, ilisema amepewa tepe moja na kwamba yeye ndiye wa kwanza katika makuruti wote wa kambi. Sahihi haikuwa na jina, ilikuwa na namba tu.

Mwezi wa kumi na moja mafunzo yaliisha, na vijana wakapewa ruhusa ya siku saba kwenda kuaga kabla ya kupelekwa vitani. Zipora aliwaona wakipita barabarani. Wale Wakinga wawili waliochapwa viboko walipita mbio kuelekea milima ya Makete, mabuti yamefungwa shingoni, wala hawakusimama kunywa maji. Vijana watano wa kijiji walifika, wakaangukia mama zao, wakala, wakalia, wakaahidi kurudi. Zipora alisimama kando ya barabara na chungu cha uji siku nne. Uji ulikuwa unapoa anaupasha.

Siku ya tano ilifika barua.

"Mama, salamu. Siku zangu za ruhusa nimempa mwenzangu mwenye safari ndefu, kwa sababu mimi sina pa kwenda. Jumatano tunapanda malori mpaka bandarini. Mimi mzima kabisa."

Zipora alikaa chini palepale barabarani. Alimwokoa mtoto asife kwa hamu, sasa mtoto hana hata ya kumrudisha mlangoni. Hata risasi zikimkosa, vita vikiisha na wakiulizwa nani anataka kwenda nyumbani, Yonathani hatanyoosha mkono. Aliona jambo hilo lote kwa mara moja, akalia kwa sauti, na waliopita wakadhani naye sasa ana pishi yake.

Alichukua kikapu akaenda mlango kwa mlango.

"Nirudishieni kidogo," alisema. "Hata konzi."

Watu walijaribu kwa moyo. Idda alifungua fundo la nguo na kulikung'uta, halikutoka kitu. "Imeota, mama Yonathani. Sijui ipi ya mtoto na ipi yangu." Mzee Efraimu alijipekua mifukoni, akatikisa kofia, akasema shamba likishalimwa halilimuliwi. Kisha akaongeza, bila ubaya, "Mchelea mwana kulia hulia yeye." Zipora alimjibu kwamba anaijua methali hiyo, ila waliopika methali hawakuwa na mtoto Makambako.

Methusela alikuwa barazani, macho yamevimba. "Chukua zote, mama," alilia, akivua koti na kulitikisa. "Chukua zote nne, nimechoka!" Yalidondoka machozi tu, na kifungo kimoja.

"Jumbe, jina unaweza kulitoa," alisema Zipora. "Wembe si unao?"

Methusela alilitazama daftari muda mrefu, akavaa koti.

"Serikali ni serikali, mama," alisema, akaendelea kulia.

Elieza alikuwa nyuma ya nyumba anapasua kuni. Alipomwona na kikapu aliacha shoka, akaingia jikoni, akapanda darini, akashuka na kifurushi cha maganda ya mahindi cheusi kwa masizi. Ilikuwa ile nusu pishi. Alieleza kwamba siku ya mgowe ilimpa kiungulia, kwa hiyo aliitundika juu ya moto pamoja na mahindi ya mbegu, akaisahau. Moshi ulikuwa umeikausha ikawa kiasi cha punje za kujaza kiganja. Wadudu hawakuigusa.

"Mama," alisema Elieza, "jina lile lilikuwa langu."

"Najua."

"Watu wanajua?"

"Wote."

Elieza alifikiri. Alikuwa kijana mpole, hakuna aliyewahi kumsema vibaya. "Nikubebee kikapu mpaka Makambako?" aliuliza.

"Ni chepesi," alisema Zipora, na Elieza akarudi kwenye kuni zake.

Alipopita tena kwa Mzee Efraimu, mzee alitoa kopo lake la ugoro, akalifuta ndani kwa kidole. Zipora alitia zile punje, akafunga kifuniko, akatembea kutwa na kucha. Jumatano asubuhi alifika Lyamkena malori yamekwisha washwa.

Yonathani alikuwa amesimama kwenye mstari wa mbele, amenyooka, shingo iko juu, tepe begani. Alikuwa amenenepa. Alimwona Zipora akamjia kwa hatua za kwata.

"Hujambo, mama," alisema, kama kijana yeyote mwenye adabu anavyomwambia mwanamke yeyote njiani. "Umetoka mbali?"

"Nimetoka nyumbani."

"Ni kuzuri huko?"

"Kuna baridi," alisema Zipora. "Yule kuku mwekundu ametaga."

"Vizuri," alisema Yonathani. Alisubiri kwa upole aone kama kuna jingine.

Sajini Marcelino alimvuta Zipora kando. Alikuwa ameliona kopo, na mtu kama yeye hahitaji kuelezwa. "Mama, usimpe," alisema. "Hivi alivyo hana shida. Halii, haogopi, analala usingizi kama jiwe. Ukimpa hiyo utamtesa."

"Bwana sajini, kule Uhabeshi walirudi wangapi?"

"Nusu."

"Waliorudi walikuwa na hamu, au hawakuwa nayo?"

Marcelino alikohoa, akatazama malori. "Walikuwa nayo," alisema. "Waliokufa pia. Lakini kati ya wasiokuwa nayo sijamwona aliyerudi, hata mmoja. Wengine walikuwa wazima kabisa. Walibaki tu."

Zipora alirudi kwa mwanawe, akamtia kopo mkononi na kumfunga vidole. Alimwambia asilifungue mpaka vita viishe.

"Ni kifaa cha jeshi?" aliuliza Yonathani.

"Ni cha kwenu."

"Kina kazi gani?"

"Cha kurudia."

Yonathani alilikagua kopo juu na chini, akalitia kwenye mkoba, akafunga vifungo viwili. Akapiga saluti. Malori yalitoka moja moja kushika barabara ya Iringa, na Zipora alibaki amesimama mpaka vumbi likatua kwenye nguo zake. Kopo likibaki limefungwa, mtoto atakwenda mkavu na salama, wala hatarudi. Likifunguka, atalia katikati ya watu asiowajua, bunduki mkononi. Hakujua aombe lipi. Akaomba yote mawili, kwa zamu, njia nzima mpaka kwake.

Kisha ukawa ukimya wa miezi mitano. Kijiji kiliendelea na pilika zake. Njia ya kuizunguka nyumba ya Mzee Efraimu ilichimbika mpaka magotini, akaanza kupanda maharage ndani yake. Zipora, aliyekuwa na kigoda kinachokalika, hakukikalia. Alisimama barabarani kila alipomsikia tarishi, na tarishi akawa anampungia mkono wa hapana kutoka mbali ili asimchoshe.

Mwezi wa nne wa 1944 tarishi hakupunga. Alikuja ameshika bahasha kwa vidole viwili, ameinyoosha mbali na mwili, na nyuma yake kulikuwa na mstari wa matone kuanzia Njombe mjini.

Zipora aliikamua mara sita.

"Mama, kamwene. Tuko Seloni, kisiwa jirani na Uhindi. Kopo lilijifungua melini, nakuapia si mimi. Nimelia siku nane. Nimekosea kwata, wamenivua tepe. Koplo ananiita mtoto, na ni kweli. Hapa kuna mianzi, mama, lakini si yetu. Yule kuku mwekundu ana vifaranga wangapi? Mlango wetu bado unalia ukifunguliwa? Mama, nataka kurudi nyumbani. Nataka kurudi nyumbani."

Zipora alipiga vigelegele. Alivipiga peke yake uani, machozi yanamwagika juu ya yale ya barua, anacheka na kulia kwa mkupuo mmoja, mpaka Idda akaja mbio kuuliza kuna arusi ya nani. "Analia!" Zipora alimwambia. "Mtoto wangu analia!" Na Idda, ambaye alikuwa mzazi, alimkumbatia kwa furaha. Barua iliwekwa kwenye kamba. Haikukauka. Ilidondosha hapo hapo siku zote, na chini yake njegere zikaota.

Juma lilelile Methusela alitakiwa atoe vijana sita wengine. Jina la Elieza liliandikwa la kwanza. Kesho yake palikuwa na mkwanguo, na juu yake pameandikwa Sila. Sila alikuwa mtoto wa Idda, wa miaka kumi na sita. Daftari lilikuwa wazi mezani kama kawaida.

Sila alikaa kambini majuma matatu ndipo barua yake ikafika, imelowa. Idda alikuja kwa Zipora jioni ile, viatu mkononi tayari kwa safari.

"Mama Yonathani, nimekuja kuazima kikapu."

Zipora alikikung'uta, akampa pamoja na ngata.

"Ukigawa, bakiza," alisema.

"Mgowe haubakizi tuta."

"Huo bakiza, Idda. Aibu nitaibeba mimi."

Mgowe wa Sila ulifanyika Jumamosi, kwa togwa nzuri. Safari hii Zipora alikuwa mgeni, kwa hiyo alipewa yake, akaomba pishi mbili. Aliporudi baadaye mlangoni pake aliutazama mlango, akatamani kwenda nyumbani, na ikampa faraja kidogo, kwa kuwa sasa walikuwa wawili kwenye hamu moja, yeye hapa na mtoto kule Seloni.

Lakini kabla ya hapo, ilipobaki pishi ya mwisho, Idda alifunika kikapu kwa viganja vyote viwili. Methusela, ambaye safari hii alikuwa amewahi, na kwa kulia alikuwa haoni vizuri, alinyoosha kofia yake.

"Lete hapa, mama Sila. Mgowe haubakizi tuta."

"Huu umebakiza," alisema Idda.

Methusela alisubiri. Hakuna aliyepiga makofi. Alitikisa kichwa, akasema watu wa siku hizi hawajui desturi, akamaliza togwa yake. Kisha akachukua daftari kutoka kwapani, akamwuliza mwinjilisti, kwa sauti ya kawaida kabisa, mtoto wa pili wa marehemu fulani anaitwaje, na ana miaka mingapi. Mwinjilisti akamjibu. Akaandika.

Halafu akainuka, akamkabidhi Elieza kiti, na wawili hao wakashika njia ya kwao, Elieza mbele na kiti kichwani, baba yake nyuma, akilia na kuuliza kila kona kama bado ni mbali.